Nilimmulika mjomba machoni tukiwa juu ya mti

Wakuu, salaam kutoka Bisibo, Biharamulo.

Shule niliishia la saba, mnivumilie. Yaliyotokea niliyaandika kwenye daftari langu siku ileile. Nayaleta yalivyo, hata pale yanaponiaibisha.

Tulikwenda kurina asali, mimi na mjomba. Huku tunarina giza likishaingia, nyuki wametulia. Yeye ndiye fundi, mti ule wenye mzinga ameukwea miaka mingi. Mimi nilikuwa na headlamp mpya, taa ya kuvaa kichwani, nikatangulia ili nimwangazie njia.

Nadhani nilikuwa najidai kidogo.

Tulipofika juu kama urefu wa nguzo ya umeme, akaniita kutoka chini yangu: "Deo, mzinga umeuona?"

Sasa sisi tumelelewa hivi: mkubwa akikuita, unamgeukia ndipo unaitika. Nikageuka. "Naam, mjomba!" Mwanga wote, full, ukampiga machoni.

Mkono wake ukakosa tawi.

Wakuu, nilisikia miguu yake ikikwaruza gome. Akabaki ananing'inia kwa mkono mmoja!

Nikainama zaidi, nimmulike aone pa kushika.

"Zima!"

Nikajua amechanganyikiwa. Nizime vipi, na mtu anaanguka? Nikazidi kumulika.

"We mtoto, zima hiyo kitu, unaniua!"

Nikazima.

Giza tupu. Nasikia pumzi zake tu. Labda dakika nzima, labda pungufu, sitaki kuongeza chumvi. Kisha akasema taratibu, "Nimeshika. Mti huu naujua kwa mikono."

Tulishuka gizani, tawi kwa tawi.

Chini nilimwomba msamaha. Akasema na yeye ana kosa, kaniita nikiwa napanda. Nimelipima hilo mara nyingi. Kuuliza tu si kosa. Ila hata mimi sikugeuka kwa ubaya. Kosa langu hasa ni kule kuendelea kumulika baada ya kuambiwa zima.

Nilichojifunza: unapopanda, weka mwanga mdogo, taa iinamie mikono yako. Ukiitwa, jibu kwa mdomo, kichwa kisigeuke. Ukilazimika kutazama chini, funika taa na kiganja kwanza.

Kinachonishtua mpaka leo ni hiki: kama angekuwa mtu asiyeujua mti ule, kuzima kungemsaidia kweli? Sina hakika. Waliozoea kupanda usiku, nyie mngefanyaje? Nisahihisheni, hata mkinicheka sawa tu. Mjomba yuko hai.