Mbuzi Juu ya Pipa la Bia

Siku ya kwanza kazini nilifokewa kabla sijavua koti. Ilikuwa Louisville, mwaka wa 2013, katika ghala la bwana mmoja aliyenunua vitu vya kale Ulaya na kuviuza Marekani. Mimi nilikuwa wa kufungua makreti. Kreti la kwanza lilikuwa na karatasi kubwa kunishinda urefu, imechorwa mwanamume mwenye mashavu mekundu anainua glasi ya bia. Nikaikunja ili ienee kwenye rafu. Mkuu wa Ghala akapiga kelele mpaka dereva wa foklifti akazima mashine yake ya kuinulia mizigo.

"Unajua umekunja nini?"

"Tangazo la pombe," nikamjibu.

"Aliyelichora amekufa, kiwanda kimekufa, hilo ndilo limebaki, na wewe unalikunja kama shuka!"

Sikumwomba radhi. Nilimwambia, kama ni kitu cha thamani hivyo, mbona mmelipakia kreti moja na miguu ya viti? Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya mabango, na ndivyo nilivyokaa humo mpaka nilipotoka: bila kumwinamia mtu.

Naandika kwa sababu nasikia vijana wa kanisani kwetu hapa Buffalo wanaambiwa kwamba mzee Nahimana alistaafu kwa ajili ya mgongo. Mgongo wangu mzima kabisa. Niliondolewa kwenye meza yangu na watu wa Mungu, na kamba waliyonivutia ni mke wangu, Mama Dorcas, kiongozi wa kwaya. Someni mjue.

Mimi ni Mrundi niliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania. Shule niliishia darasa la pili. Kambini nilitengeneza mifuko ya karatasi ya kufungia maandazi, nikiibandika kwa uji wa unga, na kwa mifuko hiyo nilioa na nilisomesha. Kwa hiyo siku fundi wa mabango kutoka mji wa Columbus alipokuja ghalani Louisville kuchukua mabango yaliyochanika, nikaona gundi yake ya unga wa ngano ina madonge, nilimwambia, "Hiyo ni chakula cha kuku." Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Haya, pika wewe." Nikapika. Mwezi uliofuata nilikuwa Columbus.

Huyo ndiye Fundi Mkuu, na ndiye bosi pekee niliyemheshimu bila kujilazimisha. Duka lake lilikuwa karibu na chuo kikuu. Alinifundisha kwamba mabango ya bia ya zamani hayakutoka kwenye mashine kama magazeti. Yalichapwa kwa jiwe. Mchoraji alichora juu ya jiwe laini kwa kalamu ya mafuta, jiwe likaloweshwa, na wino ukashika pale penye mafuta tu. Kila rangi na jiwe lake. Bango likishachapwa, jiwe lilisuguliwa likachorwa jingine, ndiyo maana bango likipotea huwezi kurudi kuomba la pili.

Alinifundisha kuliacha bango lielee: unalilaza kwenye beseni pana la maji, unasubiri gundi ya kale ilegee, unalivua kwenye ubao wake bila kulivuta. Halafu unatandaza kitambaa cha pamba, unakikaza kama ngozi ya ngoma, unakipaka uji, unaweka karatasi nyembamba, na juu yake bango. Ile karatasi nyembamba ni ya nini? Ni ili fundi atakayekuja baadaye aweze kulitoa tena. Mwisho unajazia rangi penye tundu, penye tundu tu. "Usimwongezee mtu uzuri ambao hakuzaliwa nao," Fundi Mkuu alikuwa akisema. Nimeona watu wanapaka shavu zima kwa sababu ya tundu la sindano. Hao si mafundi, ni wapaka vyumba.

Na alinifundisha habari za viwanda. Zamani huko Ulaya kila mji ulikuwa na kiwanda chake cha bia, na kiwanda kilikuwa na vilabu vyake. Mwenye kilabu hakuruhusiwa kuuza bia ya mwingine wala kutundika bango la mwingine. Wakaja wakubwa wakawameza wadogo. Ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na kule Ubelgiji Wajerumani wakang'oa masufuria ya shaba ya kupikia bia wakayeyushe. Kiwanda bila sufuria ni jengo tu. Mimi sijawahi kuonja bia hata siku moja, lakini nikishika bango la kiwanda kama hicho nilikuwa napandwa na hasira kama vile ni shamba la baba yangu limechukuliwa. Watu waliofanya kazi, wakafutwa. Mimi hilo nalijua bila kufundishwa.

Wanafunzi wa Kiafrika walikuwa wakipita dukani. Mmoja, Mkenya, aliniona nimeinamia bango akasema, "Mzee, kumbe hata wewe uko kwa mambo ya beer?"

"Na wewe uko kwa mambo ya vitabu, umeshaandika kimoja?"

Wenzake walimcheka mpaka barabarani.

Fundi Mkuu alipougua macho alifunga duka. Akampigia simu rafiki yake wa Buffalo kwa ajili yangu, na sisi tukahama. Karakana ya huyo rafiki ilikuwa mtaa wa Riverside, upande wa mto, na yeye, Mwenye Karakana, alikuwa mama wa Kizungu asiye na maneno mengi. Siku ya kwanza alinionyesha meza ndefu chini ya dirisha akasema, "Hii yako. Mtu akikugusia vitu, mfukuze." Nimeishi kwenye nchi tatu, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Mama Dorcas naye alipata yake. Kanisa letu la Warundi na Wakongo lilikuwa na kwaya ya kuokoteza. Akaishika, akaifinyanga, kwa nyimbo zilezile alizokuwa akiimbisha kambini. Wakamvika joho la bluu la kiongozi. Pasaka ya mwaka ule kwaya za Louisville na Columbus zilikuwa zinakuja kwetu kuimba pamoja, na yeye ndiye angesimama mbele ya zote. Jikoni aliimba, kwenye gari aliimba. Binti yetu Dorcas akimwambia, "Mom, please," anaongeza sauti.

Sasa kwetu kuna desturi ya kuombea kazi. Ukipata kazi au biashara, Mchungaji anakuja na chupa yake ya mafuta, anapaka mlango au chombo chako, anakuombea. Shemasi wetu anafanya kazi kwenye ghala Cheektowaga, nje kidogo ya Buffalo, na foklifti yake ilipakwa mafuta. Nikasema na mimi kazi yangu iombewe. Niliwaita kwa heshima zote, Mwenye Karakana akakubali, wakaja mchana, Mchungaji mbele na Shemasi nyuma.

Mezani kwangu siku hiyo kulikuwa na bango la Kijerumani. Wajerumani wana bia kali wanayouza baridi ikikaribia kuisha, na alama yake toka zamani ni mbuzi. Huyu alisimama juu ya pipa kwa miguu ya nyuma, ndevu zimechanwa, glasi mkononi, anacheka. Kazi safi kabisa. Mchungaji alikuwa ameshafungua chupa.

"Mzee Nahimana, huyu nani?"

"Mbuzi."

"Mbuzi gani anasimama kama mtu?"

"Aliyechorwa."

Shemasi akasogea. "Ana pembe, ana glasi, anacheka. Mzee, huyo unamjua, unajifanya humjui."

"Shemasi, wewe umefuga mbuzi. Hukuwahi kuona pembe?"

"Wa kwangu hawakunywa!"

Nikawaeleza. Nikawaambia bia nyingine huko Ulaya mpaka leo inapikwa na watawa, wakitoka kwenye sala wanaingia kwenye mapipa, na mabango yao yana misalaba.

"Hao ni Wakatoliki," akasema Mchungaji.

"Na Wakatoliki ni wa nani?"

Akafunga chupa. "Hapa siwezi kuomba."

Walipotoka, Mwenye Karakana akauliza kama rafiki zangu wamependa. Nikamwambia wameogopa mbuzi. Alicheka. Mimi sikucheka, maana nawajua watu wangu.

Jumapili, kabla ya ibada, walimwita Mama Dorcas pembeni. Mimi niliye na kosa, kama lilikuwepo, hawakuniita. Walimwambia aweke joho chini mpaka nyumba yake isafishwe, kwa sababu mume wake anatengeneza sanamu za shetani na kuipamba pombe. Alirudi kukaa karibu yangu na gauni lake la kawaida, mikono mapajani. Kwaya iliimba vibaya. Nilifurahi ilivyoimba vibaya.

Nyumbani Mama Dorcas hakuketi.

"Wewe ndiye uliwaita?"

"Niliwaita waombee."

"Si ungeligeuza lile bango likaangalia ukuta?"

"Sigeuzi kazi yangu ikaangalia ukuta."

"Basi nimegeuzwa mimi," akasema, akaingia chumbani.

Nilimfuata Mchungaji kwake. Sikuketi.

"Shemasi anapakia nini Cheektowaga?"

"Mizigo."

"Anapakia bia! Katoni kwa katoni, inaenda kunywewa leo hii. Uliipaka foklifti yake mafuta. Mabango yangu ni ya bia iliyokwisha kabla baba yangu hajazaliwa. Nani atalewa kwa kutazama karatasi?"

"Yule anabeba tu, mzee. Katoni zimefungwa."

"Kwa hiyo dhambi ikifungwa kwa gundi si dhambi tena?"

"Wewe unaipendezesha. Watu wanaona." Halafu akatulia, na hapo ndipo nilipotamani kumrushia kiti, kwa jinsi alivyotulia. "Simama mbele ya kanisa useme umeacha. Mama ataimba Pasaka. Ni neno dogo."

Ni neno dogo! Mtu mwenye mshahara wa kanisa anakwambia kazi yako ni neno dogo.

Nilikwenda karakana nikamwambia mama yule nimemaliza. Alidhani namtania. Aliniuliza nani amenikosea, nikashindwa kumweleza kwa Kiingereza changu. Jumapili nikasimama, nikasema, "Nimeacha kazi ya mabango." Sikusema nimetubu, kwa sababu sikutubu. Watu wakapiga vigelegele. Shemasi alipiga makofi kuliko wote, na kesho yake asubuhi alikuwa Cheektowaga anapakia.

Mama Dorcas sikuwa nimemwambia. Ndani ya gari ndipo aliponigeukia.

"Nani alikutuma?"

"Ulitaka kuimba."

"Nilitaka kuimba nikiwa mke wa mtu mwenye kazi. Sasa nitaimba nikiwa mke wa nani?"

Pasaka aliimba. Kwaya tatu, yeye mbele, joho la bluu. Watu walilia. Mimi nilikaa nyuma kabisa, na nawaambia ukweli, kila wimbo uliniuma, kwa sababu nilijua umenunuliwa kwa nini.

Kustaafu wanakokusifia, mimi sikukupenda. Mtu aliyefanya kazi toka utoto anaamka, mikono inatafuta. Nilikuwa nazunguka mtaani nasoma mabango ya bia madirishani, yote yametoka kwenye kompyuta, hakuna jiwe, hakuna mkono. Nyinyi vijana mkiambiwa kazi yenu si safi, muulizeni anayesema yeye anakula kwa kazi gani. Msinyamaze kama nilivyonyamaza pale mbele.

Baridi iliyofuata bomba lilipasuka chini ya kanisa. Kulikuwa na picha kubwa ya kwaya ya kambini, waliyokuja nayo kutoka Tanzania, ya pekee. Wengi kwenye picha ile hawako tena duniani. Maji yakaingia, ubao wa nyuma ukavimba, picha ikaanza kupasuka. Nani akatumwa kwangu? Shemasi. Akaiweka mezani kwetu imefungwa kwenye taulo.

"Mzee, wewe una mkono wa vitu hivi."

"Mkono huo uliacha. Ulikuwepo, ulipiga makofi."

"Lakini hii ni ya Mungu, mzee."

"Unga ni uleule, shemasi. Maji ni yaleyale. Nenda."

Akaenda, akaiacha picha. Mama Dorcas alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Hakunibembeleza. Alichukua sufuria, akapima unga, akawasha jiko.

"Nionyeshe."

"Mimi sigusi."

"Sijakwambia uguse. Sema, nitafanya."

Basi nikasema. Nilisimama nyuma yake nikimkaripia kama Fundi Mkuu alivyonikaripia. Punguza moto. Usivute, acha maji yavute. Umekikaza kitambaa upande mmoja, fungua, anza tena! Alianza tena bila neno. Picha ilipoelea ikaachana na ubao, mabinti wa kambini wakatokea majini mmoja mmoja, na yeye katikati yao, mwembamba, mdomo wazi. Hakulia. Aliuliza, "Sasa brashi ipi?" Niliona ana mkono. Nilikasirika kwa nini sikuuona miaka yote.

Jumapili akairudisha mwenyewe, imenyooka juu ya kitambaa. Mchungaji akaiinua juu watu waione, akasema Mungu ameitumia mikono ya mzee Nahimana.

"Sikugusa," nikasema kutoka nyuma. "Muulizeni kiongozi wa kwaya."

Mama Dorcas akatoka kwenye mstari akiwa na joho lake.

"Ni mimi," akasema. "Na kesho naanza kazi Riverside, kwenye ile meza chini ya dirisha. Nimeshaongea na yule mama. Yule mbuzi bado hajamaliziwa mguu."

Shemasi akatazama viatu vyake. Mchungaji akauliza, polepole, "Na kwaya?"

"Mazoezi ni jioni. Nitawahi."

Nilingoja mtu amwambie avue joho. Mpaka leo nangoja.