Majalada Yaliyovishwa Nguo

Kabati la bibi yangu, hapa Ibra, lilikuwa zuri likiwa wazi tu. Kwa nje lilikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa mezani. Ukifungua milango sasa, unakutana na wanawake waliobandikwa kwa gundi ya unga wa ngano: majalada ya majarida ya Kizungu ya zamani, yale ya kuchorwa kwa mkono, aliyoyakusanya Unguja alipokuwa msichana na kuja nayo Omani yamelala chini ya nguo zake. Mmoja anaendesha baiskeli na mbwa kikapuni. Mwingine anakunywa chai kwenye roshani. Mwingine yuko ufukweni na nguo ya kuogelea.

Yaani, alikuwa na nguo ya kuogelea. Bibi aliwavisha wote. Kila nyumbani iliposhonwa nguo ya jambo la maana, arusi, akika ya mtoto, Idi, kipande kilichobaki kilikwenda kabatini kumsitiri mmoja wao. Kwa hiyo yule wa chai amevaa kanga mabegani na kaptura miguuni, na wala hana wasiwasi.

Picha za simuni mimi nazipitisha kwa kidole kama mtu anayepangusa vumbi. Kwa hawa nilikaa mpaka bibi anauliza, "We mtoto, unatafuta nguo au mchumba?" Wekundu wa midomo yao ulikuwa umeteleza kidogo hadi shavuni. Mchoraji alilazimika kukaa na mtu mmoja siku nzima, amfikirie hata ukucha. Nadhani ndiyo maana na wewe huwezi kumpita haraka.

Mwaka huu mchwa wakaingia. Ami yangu, mtoto wa kwanza wa bibi, akanunua kabati jipya Nizwa, akaja Ijumaa na pikapu na wabebaji kulitupa la zamani.

"Shikamoo, mama. Khalas, leo tunalitoa hili."

"Marahaba. Litoe. Milango niachie, niiweke ukutani chumbani kwangu."

"Mama, mbao zote zina mchwa!"

"Mchwa wako miguuni. Milango nimeigonga yote, mizima."

"Basi bandueni hizo picha."

Tulikwisha kujaribu, mimi na bibi, kwa mvuke wa birika. Mbwa wa baiskeli akabaki mkia. Bibi akanipiga kikofi cha mkono, akasema basi. Kwa hiyo ilikuwa milango au hakuna kitu.

"Ami," nikasema, "unamtenga bibi na mashoga zake."

"Wewe nyamaza. Mama, wazungu ukutani? Watu watasema nini?"

"Watasema wamesitirika kuliko dada zako."

Bibi alicheka peke yake, kisha hakucheka tena. Akashika ukingo wa mlango kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa. Hapo hata mimi utani ulinikauka.

"Mtazame yule wa ufukweni," akamwambia ami.

Ami akageuza uso kwa adabu.

"Mtazame, nakwambia! Hilo shuka alilojifunga hulijui?"

Jeupe, mistari ya buluu, limefifia.

"Ni lako la tohara. Ulilia mpaka jirani akaleta halua."

Nikashikwa na kikohozi, nikaegemea ukuta. Ami, na kanzu yake ya dishidasha iliyopigwa pasi na ndevu zake za mvi, akasogea mpaka pua ikakaribia kumgusa yule mwanamke. Akakipapasa kitambaa kwa ncha ya kidole.

"Hili hili?"

"Hili hili. Baba yako ndiye aliyelinunua."

Babu amefariki siku nyingi. Ami hakuondoa kidole.

"Mama, wanawake wote hawa, langu ukampa huyu?"

"Ndiye aliyekuwa uchi zaidi."

Akanyoosha mkono nyuma bila kunitazama. "Lete bisibisi."

Alifungua skrubu mwenyewe, wala hakutaka wabebaji waguse. Akaukumbatia mlango wa yule wa ufukweni kuupeleka chumbani kwa bibi, ukutani kusikoelekea kibla. Bibi nyuma yake, anamhimiza:

"Taratibu, baba. Na mkono wako utoe hapo, hapo ni kifuani kwake."