Theluji Hamna

Mpaka leo nikisikia harufu ya nafutalini, ile dawa ya nondo ya kuwekea nguo, mwili hunisisimka. Hiyo ndiyo harufu ya baridi kwetu sisi, watoto wa Maskati ambao mama yao aliuza theluji. Chumba cha wageni kilijaa makoti mazito ya kukodisha, na nje jua linachoma lami. Mimi na kaka yangu tulikuwa tukifungua kiyoyozi mpaka mwisho, tunavaa makoti, tunateleza kwa soksi juu ya vigae. Wenzetu walitucheka. Na wacheke, wao hawakuwa na theluji hata ya uongo.

Mama alikuwa na ofisi ndogo ya safari mtaa wa Wattaya, imebanwa na maduka mawili ya magari. Kila likizo ya Januari, katikati ya mwaka wa masomo, alipeleka familia za wateja kwenye milima ya Lebanon, wateleze na mbao miguuni, wapige picha, warudi na mafua ya kujivunia. Ofisi nzima iliitegemea safari hiyo moja. Theluji ikichelewa, simu zilinyamaza. Ikianguka nyingi na picha zikasambaa, simu zilikosa adabu, zikaita hadi wakati wa kula.

Mwaka niliokuwa darasa la tano, baridi iligoma. Safari imejaa, siku zimekaribia, na mlima uko kahawia kama ngamia. Mama akampigia mwenye hoteli ya huko mlimani, akamuuliza kwa Kiarabu kama *thalj* ipo. Ipo, alhamdulillahi, akajibu yule bwana. Mama hakuridhika. Akauliza tena: imeanguka au imetengenezwa? Yule bwana akakohoa kwanza. Imetengenezwa. Mashine zimerusha ukanda mmoja mgumu, na pembeni yake mawe na matope.

Kwa Kiarabu, theluji ya mlimani na barafu ya kwenye friza zote ni *thalj*. Ami Nassor, mdogo wake baba na mshirika wa Mama ofisini, akaling'ang'ania neno hilo.

"Shemegi, wakikuuliza waambie *thalj* ipo. Utakuwa umesema uongo?"

"Kwa Kiarabu sitokuwa nimesema uongo," Mama akajibu. "Basi ntawambia kwa Kiswahili."

"Wakijitoa wote, ofisi tunafunga. Unalijua hilo?"

"Nnalijua. Liwalo na liwe."

Wateja wetu karibu wote walikuwa watu wenye asili ya Unguja kama sisi, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kufasiriwa. Nilikuwa nimekaa sakafuni na vitabu vyangu vya shule, nikamsikia akipiga simu nyumba baada ya nyumba, sauti imenyooka. "Theluji hamna, bibie. Ilopo ni barafu ya mashine. Ukitaka kwenda, karibu. Hutaki, utarejeshewa chako."

Wakajitoa, kwa dua nyingi na pole tele. Akabaki Bi Salma wa Qurum, mjane mwenye magoti mabovu. "Mie hata hiyo ya mashine sijaiona," alisema, sauti yake ikisikika mpaka nilipokaa. "Nipeleke!"

Mama akampeleka, wawili peke yao. Waliporudi ofisi ikafungwa, biashara ikahamia kwenye meza yetu ya chakula. Nilikasirika mno. Nilimwona Mama mkaidi asiyejua kuogopa, aliyeikosesha nyumba riziki kwa ajili ya neno moja. "Njia ya mwongo fupi," aliniambia. Nikamjibu moyoni kwamba yetu imekuwa fupi zaidi.

Baridi iliyofuata, theluji ilianguka, na waliopiga simu walikuwa walewale waliojitoa. Hata salamu hawakuzimaliza: "Ipo theluji, au barafu?" Walikuwa na mawakala wengine wa kuwauliza, wenye ofisi za vioo. Walimuuliza yeye.

Sasa biashara ni yangu, na baridi hazitabiriki tena. Watu huniambia theluji inakwisha, niuze safari za pwani. Na waseme. Msimu wa kwanza nilioushika mimi, mlima ulikuwa mtupu na safari imejaa. Nilikaa na simu mkononi, naogopa kubonyeza namba ya kwanza, nikalielewa jambo ambalo yule mtoto wa sakafuni hakuliona. Mama alikuwa akiogopa siku ile. Aliogopa khasa, na simu zote akazipiga.

Nikaanza kupiga, kwanza kwa ile familia iliyolipia watu wengi kuliko zote.