Kisigino Kilichozibwa kwa Gundi ya Baiskeli

Asubuhi, bandarini, kapita, msimamizi wa sisi wabebaji, hakuwa anatazama mabega yetu. Alitazama miguu. Tulipita mbele yake mmoja mmoja kutoka langoni hadi kwenye bohari, na aliyechechemea, hata kidogo, aliambiwa arudi nyumbani. Hakuwa mtu mbaya. Kutoka ukingoni hadi kwenye meli ya mizigo kulikuwa na ubao mmoja tu, upana wake kama kitanda cha mtoto. Mtu mwenye mfuko wa simenti kichwani akiteleza pale, anaingia ziwani na mfuko wake, na huenda akamvuta aliye nyuma yake.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliiacha darasa la nane, mwaka ambao baba na mama walikwenda kijijini kwenye mazishi, vita vikafunga barabara nyuma yao, nao hawakurudi. Tulibaki wanne katika chumba kimoja mtaa wa Nyakabiga: mimi, dada anayenifuata, ambaye wakati huu ninaousimulia alikuwa na miaka kumi na minne, mdogo wetu wa kike, na kitinda mimba wa kiume.

Tulikuwa na baba mdogo, ndugu yake baba, aliyeuza vitambaa mtaa wa Quartier Asiatique. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye viatu vyeusi vilivyochongoka mbele. Mara mbili katika mwaka huu ninaousimulia alikuja akanikuta nimelala kwa malaria, na mara ya pili alisimama mlangoni akasema mbele ya wote:

"Mutoto ya kaka yangu, we ni mutoto unalea batoto. Mi nitarudi mwisho wa mwezi. Nikikukuta umesimama, wabaki. Nikikukuta umelala tena, nawagawa. Huyu binti mukubwa aje kwangu, huyu wa kati aende kwa shangazi yenu ng'ambo, na huyu mudogo nitamutafutia watu wa kanisa."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayepanga vitambaa kwenye rafu. Alipoondoka, kitinda mimba aliuliza ng'ambo ni wapi, na dada akamwambia ale.

Mwezi ule ule kisigino changu cha kulia kilipasuka.

Sisi wabebaji tulifanya kazi bila viatu. Kandambili zilikatazwa kwa sababu zinateleza, na viatu vya kufunga hatukuwa navyo. Lakini haikuwa ufukara tu, ilikuwa pia majivuno. Unyayo mgumu ndio ulikuwa cheti chetu. Mzee mmoja wa kundi letu aliwasha kiberiti kwa kukipiga kwenye kisigino chake, na wageni walipokuja alifanya hivyo hata kama hana sigara. Aliyeonekana anapaka mguu mafuta aliitwa bibi harusi siku nzima. Basi hakuna aliyepaka, na vumbi la simenti lilinyonya maji yote ya ngozi, na ngozi ikawa kama udongo wa kiangazi. Ufa wangu ulikuwa wa kuingia sarafu. Kila hatua ulifunguka, kila nilipokaa ulijifunga.

Dawa yetu ya nyufa ilikuwa nje ya lango, chini ya mwavuli wa fundi baiskeli. Sijawahi kusikia mahali pengine watu wanaofanya hivi. Ulikaa kwenye kigoda, ukamwekea mguu mapajani kama gurudumu. Alifuta kisigino kwa petroli, akakikwaruza kwa kile kibati chenye matundu anachokwaruzia mpira, akapaka gundi, akapuliza, akasubiri, halafu akabandika rustini, yaani kipande cha mpira wa ndani wa tairi, na kukigonga kwa nyundo taratibu.

"Garanti ni siku tatu," aliniambia. "Usipite kwenye misumari."

"Na nikipata pancha?"

"Nitakutia rustini mpya. We endesha tu, usipige breki sana."

Watu walicheka, nami nikacheka. Kwa siku tatu nilitembea kama mwenye mguu mpya. Nilipita mbele ya kapita kifua mbele.

Siku ya nne kisigino kilianza kupiga kama moyo. Jioni ile nikagundua mtoki umetoka kinenani, mkubwa kama yai la njiwa. Sikumwambia mtu. Nilihesabu siku zilizobaki kabla ya mwisho wa mwezi, zilikuwa kumi na sita, nikajiambia mguu ni wangu na utanitii.

Siku ya tano nilipita langoni nikiuma meno. Kapita akaniacha nipige hatua kumi, kisha akaniita.

"We. Rudi hapa. Unachechemea."

"Apana, kapita. Ni mwiba tu."

"Mwiba gani unatoa jasho usoni asubuhi hii? Enda nyumbani. Urudi ukiwa na miguu mbili."

Kufika Nyakabiga kulinichukua muda ambao siku nyingine ungetosha kwenda na kurudi mara tatu. Dada alikuwa anafua. Alinitazama, akanusa hewa, akasema, "Mukubwa, mbona unanukia baiskeli?" Alikaa chini, akageuza mguu wangu kama anayegeuza samaki, na kwa mara ya kwanza nilimwona anaogopa. Pembeni mwa ule mpira mlikuwa mnatoka maji ya kijani.

Hakulia wala hakunigombeza. Alitoka, akarudi na toroli ya jirani mjenzi.

"Ingia."

"Mi siwezi kupita mutaani ndani ya toroli. Mi ni mubebaji."

"Leo we ni mufuko. Ingia."

Nilipita barabara nzima magoti yakiwa kidevuni, mdogo wetu wa kike akitangulia kusafisha njia, kitinda mimba akishika upande ili nisipinduke. Wanawake waliokuwa wanauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliuliza, "Ee binti, unauza nini leo?" Dada akajibu bila kusimama, "Simenti. Ililoa ikaganda." Walicheka mpaka tukakata kona. Nilitazama mbingu.

Katika zahanati ya parokia kulikuwa na muuguzi mmoja, mama mzee, mkimbizi wa ndani kama wengi wa mwaka ule. Kwa miaka mingi alikuwa amefanya kazi bara, mahali walipokaa wagonjwa wa ukoma, hadi vita vilipowatawanya wote. Watu walimdharau kidogo, kwa kuwa mgonjwa yeyote aliyeingia kwake, hata wa jino, alianza kwa kumtazama miguu.

Alipoona ule mpira aliinama, akaugusa pembeni. Kisha akauliza, "Nani alikufanyia hii?"

"Fundi baiskeli."

"Na baiskeli yako unaipeleka kwa nani? Kwangu?"

Aliuloweka mguu wangu mpaka gundi ikalegea, akaubandua mpira taratibu. Kilichotoka sitakieleza. Alisafisha, akakata ngozi iliyokufa kingo kwa kingo, akafunga kwa kitambaa safi, akanipa vidonge. Kisha akanieleza kwa sauti ya mtu aliyeyasema maneno hayo mara elfu. Ufa haufungwi kwa juu, maana uchafu unabaki ndani na kuchacha chini ya kifuniko. Ngozi nene siyo kiatu. Ikiwa nene na kavu inapasuka, ikiwa nene na laini inainama. Loweka kila jioni katika maji ya vuguvugu, sugua kwa jiwe, futa vizuri katikati ya vidole, halafu paka mafuta kisigino kikiwa bado na unyevu, ili maji yabaki ndani ya ngozi. Mawese yanatosha. Na kwa wiki mbili nisikanyage chini kwa mguu ule.

"Mama, wiki mbili siwezi. Baba mudogo anakuja. Akinikuta nimelala, anagawa hawa."

Aliwatazama wadogo zangu, waliokuwa wamejipanga kwenye benchi.

"Ukisimama kesho, utasimama kesho tu," alisema. "Halafu sikiliza. Kule kwetu wagonjwa hawakusikia maumivu miguuni. Aliyekuwa na ndugu wa kumutazama unyayo kila jioni, alibaki na muguu. Aliyekuwa peke yake, tuliukata. Mutu haoni kisigino chake mwenyewe. We utatazamwa na nani?"

"Na mimi," alisema dada.

Nilikaa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko simenti. Wenzangu bandarini hawakunisahau. Unga wa mahindi uliomwagika kwenye mifuko iliyopasuka ulikuwa mali ya kundi, na aliyeugua alipelekewa fungu lake, ndiyo desturi. Mzee wa kiberiti aliuleta mwenyewe, akakaa, akashuhudia dada akinisugua kisigino na kukipaka mawese. Nilingoja aniite bibi harusi. Alitazama muda mrefu, akasema polepole, "Hiyo jiwe mulitoa wapi?"

Kila jioni, kabla ya amri ya kubaki ndani, dada alinigeuza mguu kwenye mwanga wa mlango na kutoa taarifa: leo ukingo ni mwekundu, leo umepungua, leo kuna ngozi mpya kama ya mtoto mchanga. Milio ya risasi ilisikika milimani, naye hakuinua kichwa. Baadaye alianza kuwakagua na wadogo. Kwa kitinda mimba alikuta funza wawili ambao hakuna aliyewajua.

Yule muuguzi alinipa pia wazo la viatu. Alinichora mguu kwenye katoni, wakati wa alasiri ambapo mguu umevimba, dada akaipeleka katoni kwa mshona viatu vya tairi. Niliagiza aweke mkanda nyuma ya kisigino ili visichomoke wala kuteleza. Siku ya kumi na tano nikavivaa, nikaenda bandarini.

Kapita alivitazama.

"Nini hiyo?"

"Tairi, kapita. Jaribu kuvivuta."

Aliinama, akavuta, havikutoka. Akanipeleka kwenye ubao, akamwaga ndoo ya maji pale, akanionyesha mfuko. Niliubeba. Nilipanda, nikashuka, nikapanda tena. Mpira uliushika ule ubao kama ulimi wa ng'ombe unavyoshika chumvi. Kapita akasema, "Basi," akageukia wengine, nami nikajua nimerudi.

Siku iliyofuata ilikuwa mwisho wa mwezi. Baba mdogo hakupita nyumbani. Alikuja moja kwa moja bandarini mchana, kuona kwa macho yake. Nilimwona nikiwa juu ya ubao na mfuko kichwani, amesimama juani karibu na bohari. Sikumpungia mkono. Nilibeba kama siku zote, labda nikinyoosha shingo kidogo zaidi. Aliposimama saa nzima hivi, nikaona kitu nilichokijua. Alikuwa anahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, na mmoja aliugusisha tu chini.

Tulirudi Nyakabiga pamoja, na yeye ndiye aliyebaki nyuma. Dada alimkaribisha, akampa kiti, akamtazama viatu vilivyochongoka.

"Baba mudogo, vua."

"Mi sikuja kuvua viatu. Nilikuja kuzungumuza."

"Tutazungumuza umevua. Unachechemea."

Sijui kama ni uchovu au ni ile sauti yake, lakini alivua. Kidole gumba kilikuwa kimevimba, kucha imekatwa mviringo, pembe zake zimeingia nyamani. Aliishi nacho tangu kabla ya Pasaka. Dukani alikuwa anasimama siku nzima, na hakumwambia mtu, kwa sababu nyumbani kwake hakuna aliyewahi kumtazama miguu.

Dada akaleta beseni. Mdogo wetu wa kike akaleta maji ya vuguvugu, kitinda mimba akaleta kitambaa, kila mmoja akijua kazi yake bila kuambiwa. Baba mdogo alikaa na mguu majini, akitazama mikono ya wale watatu ikipishana. Dada akamweleza kwamba kucha inakatwa sawasawa, haifuati mviringo wa kidole, na kwamba pembe ile hatuwezi sisi, kesho aende kwa muuguzi.

"Kesho sitaweza kutembea mpaka kule," alisema.

"Toroli iko," nikamwambia.

Alinitazama kuona kama ninamcheka. Nilikuwa ninamcheka, na alijua.

Alilala kwetu, na asubuhi nilimsukuma mwenyewe, akiwa ndani ya suti yake, viatu mapajani. Wauza ndagala waliuliza ni bidhaa gani ya leo. Dada akawaambia, "Vitambaa vya bei." Baba mdogo akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu kaka yake alipokwenda asirudi.

Alipotoka kwa muuguzi na kidole kilichofungwa, hakuzungumzia shangazi wa ng'ambo wala watu wa kanisa. Alisema hivi, akiwa bado ndani ya toroli:

"Hawa wabaki. Wakae pamoja. Lakini kila Jumamosi mi nakuja, huyu binti anitazame hiki kidole."

Akaja. Hata kidole kilipopona, aliendelea kuja, akiwa amevaa viatu vya tairi vyenye mkanda nyuma, akiweka mguu wake kwenye mwanga wa mlango, akisubiri zamu yake baada ya kitinda mimba.