Mama Alivyosema Nasomea Uhalifu

Lawama zote nazitupia neno moja. Mama yangu, muuza avokado sokoni Runyenjes, aliulizwa binti yake anasomea nini chuo kikuu. "Kriminolojia" ikamshinda ulimi, akasema, "Anasomea uhalifu." Basi. Chuo kilipofungwa nikaja kumsaidia kibandani, wateja wakawa wananisalimia huku wamekumbatia mikoba yao.

Mama aliaibika mpaka akatoa amri: likizo ikiisha, nihamie ualimu. Kazi ya mwalimu haihitaji kuelezwa kwa mtu. Nami nikakataa katakata, maana hili somo nalipenda, nalipenda kweli. Jioni tukimenya viazi nikawa namweleza. Naweza kuwa afisa wa probesheni, nimwangalie aliyekosa atumikie adhabu yake akiwa kwao. Naweza kuajiriwa na benki niwanase matapeli wa simu. Naweza pia kufanya kazi gerezani, niwasaidie wafungwa wajiandae kurudi nyumbani.

"Kwa hivyo mwisho wake ni jela tu," akasema, akachukua kiazi kingine.

Nilinuna hadi kesho yake. Unamweleza mtu mambo ya maana, yeye anachomoa neno moja la kukuchoma nalo!

Siku ya soko, mkungu wa ndizi wa jirani yetu wa kibanda ukapotea mchana kweupe. Jirani huyo mdomo wake hauna breki. Akaja kwetu moja kwa moja.

"Hebu muulize huyu wako ndizi zangu ziko wapi. Si ndiye mtaalamu?"

Watu wakacheka. Nikafungua mdomo nimjibu, lakini Mama akanitangulia. Yeye huyo aliyenisimanga likizo nzima alisimama, avokado mkononi.

"Wangu nitamsema mimi. Wewe wa kwako umemaliza kuwasema?" Kisha akawageukia wateja. "Hasomei kuiba. Anasomea kwa nini watu wanaiba, na wakifungwa watarudi vipi nyumbani wasiibe tena. Hata benki zinawataka watu kama yeye."

Kumbe kule kwenye viazi alikuwa akinisikiliza.

Jirani hakutaka kushindwa. "Haya, atuambie. Kwa nini wanaiba?"

Mama akanitazama. Nilikuwa mwaka wa pili tu, na jibu fupi sikuwa nalo.

"Hajamaliza kusoma," Mama akamwambia, akianza kupanga avokado zake upya. "Ndiyo maana Jumatatu anarudi chuoni."