Peleka Maji

Mwaka wa pili wa masomo yangu ng'ambo nilirudi Mpanda likizo, begi limejaa karatasi. Nilikuwa nasomea kompyuta, na kazi niliyopewa ilikuwa kutunga lugha: maneno machache ya kuiamuru kompyuta ndogo inayofungwa ndani ya mtambo, iuendeshe bila mtu kusimama pale. Mfano wangu ulikuwa pampu ya maji, kwa sababu baba yangu aliendesha pampu ya pistoni pale stesheni, akijaza tangi la maji ya garimoshi.

Baba hakuwahi kuona kompyuta, ila alitaka kujua mwanawe anasoma nini. Asubuhi moja nikamfuata kwenye banda lake, nikamsomea programu yangu kwa Kiswahili. Washa pampu. Fungua koki. Subiri tangi lijae.

Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwa upole kwamba bomba langu limeshapasuka, kwa kuwa nimewasha pampu koki ikiwa imefungwa, maji hayana pa kupita. Nilijitetea kuwa ni mpangilio tu, nitageuza mistari.

"Wewe utageuza," akasema. "Na atakayekuja baada yako? Sisi hapa hatuna neno la kuwasha pampu. Tunasema 'peleka maji'. Ukiambiwa hivyo, mkono unaanza na koki, ndipo pampu."

Nilikuwa nimejaza kurasa nyingi za kukagua makosa. Sikuwahi kufikiria kwamba lugha yenyewe inaweza kukosa neno la kulitamka kosa. Nikakaa juu ya debe, nikaanza kufuta 'washa pampu' kila ilipoandikwa. Mama alipoleta wali wa mchele wa kijijini kwao, Mamba, alitukuta tunabishana juu ya neno la kusimamisha, tunacheka, mikono yetu imejaa wino na grisi.

Niliporudi chuoni tulifunga kompyuta ndogo kwenye pampu ya mezani. Wanafunzi wenzangu walishinda siku nzima wakijaribu kuandika programu ya kupasua bomba. Lugha iliwakatalia zote. Mwalimu wangu aliuliza wazo limetoka wapi, nikamwambia limetoka kwa baba yangu, nikaona fahari kulisema.

Nilimwandikia baba. Akajibu kwamba amewasomea wenzake wa zamu barua yangu, wamefurahi sana, na wana swali: pampu ikianza kuchoka, wao huisikia kwa nyayo, sakafu ikitetema. Je, hiyo kompyuta itaisikia kwa kitu gani?

Siku hiyohiyo nilifungua daftari jipya.