Koki ya Jikoni kwa Spana

Mtaa mzima ulimwita Spana. Bomba likipasuka, watu hawakusema "tafuta fundi", walisema "mwite Spana." Mdogo wake wa kumfuata alijifunza kazi kwake, na kwa miaka mingi alitembea nyuma yake amebeba mfuko wa vifaa.

Kisha sheria ikakazwa. Koki na viungo vya mabomba vyenye madini ya risasi kupita kiwango kipya vikapigwa marufuku, maana risasi huingia majini kidogo kidogo, na wanaoumia zaidi ni watoto. Mafundi wakaitwa mafunzoni. Spana akacheka. "Mimi nimeyajua maji kabla hao hawajajua kunawa uso." Mdogo wake akaenda, akarudi na cheti.

Hapo kijicho kikaanza. Hospitali ikamwita mdogo. Shule ikamwita mdogo. Hata mama wa duka la vifaa, aliyezoea kumvutia Spana kiti, sasa alimvutia mwenzake. Spana akipita kwenye jengo alilolishughulikia mdogo wake, alichungulia chini ya sinki, akapapasa viungo, akiomba kimoyomoyo akute unyevu. Kidole kilitoka kikavu, na roho ikazidi kumuuma.

Mchana mmoja alirudi nyumbani akakuta miguu ya mtu imetokeza chini ya sinki la jikoni kwake. Viatu alivijua.

"Unafanya nini hapo?"

"Shemeji kaniita, kaka."

Mkewe alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni. "Nimemwita mimi. Mtoto ameanza maziwa ya kopo, nayakoroga kwa maji haya, na koki hii ni ya zamani. Nimekwambia mpaka nimechoka. Kinyozi hajinyoi!"

"Ndiyo uniletee fundi ndani ya nyumba ya fundi?"

"Si fundi, ni mdogo wako."

"Ndiyo ubaya wenyewe! Wewe, toka huko. Koki niliifunga mimi, nitaing'oa mimi."

Akaing'oa. Kazi ikawa kuunga mpya. Akaushika waya mpya wa kulehemu, usio na risasi, aliokuja nao mdogo wake, akawasha moto kama alivyozoea. Waya ukaganda madonge, ukakataa kutiririka. Akarudia, yale yale. Jasho likamtoka. Mdogo wake alisimama pembeni, mikono nyuma, akimtazama, na macho hayo yalimchoma kuliko kejeli.

"Haya, sema basi!"

"Ongeza moto, kaka. Huu hauyeyuki upesi kama ule wa zamani. Lipashe bomba lenyewe kwanza."

Safari hii ukatiririka, ukakizunguka kiungo chote. Mkewe akafungulia maji. Hapakuvuja hata tone.

"Subira hiyo umeitoa wapi?" Spana akanung'unika.

"Si kwako. Wewe ulikuwa unanirushia vifaa."

Mkewe akacheka mpaka mtoto akaamka.

Mafunzo yalipoitishwa tena, Spana alienda, akakaa benchi la nyuma na mvi zake, akafaulu. Alipokabidhiwa cheti alimvuta mwalimu pembeni, akamuuliza mdogo wake alipata alama ngapi. Akaambiwa; zilizidi zake. Siku hiyo chakula cha mchana hakukigusa.